Mgongo wa Mkono wa Jirani

Jirani yangu hakushika chuma chochote kwa kiganja kabla hajakigusa kwa mgongo wa mkono. Geti, koki ya bomba, kitasa cha stoo, hata sufuria aliyopewa ashike msibani. Anakisogelea, anakunja vidole, anakipapasa kwa upande wa kucha kama mtu anayebisha hodi chumbani kwa mgonjwa. Kikikaa kimya ndipo anageuza mkono na kukishika. Tumeishi ua kwa ua hapa Kibaha tangu mabati yetu yaking'aa mpaka yameliwa na kutu, na sikuwahi kumwona akisahau.

Mwanzoni nilidhani ni maringo. Nikamuuliza, "Jirani, hivyo vyuma unavisalimia au unavikagua?"

Akaniambia, "Ukishika kwa kiganja na umeme upo, mkono unafumba. Ukishafumba hauachii tena, umekwisha. Ukigusa kwa mgongo, mkono unaruka wenyewe." Halafu, maana hakuweza kumaliza sentensi bila kunichokoza: "Lakini nyie Wazaramo hamna haja ya kujua. Mkipigwa shoti mnadhani ngoma ya mdundiko imeanza."

Mimi Mzaramo wa Chole, Kisarawe, ile Chole ya bara kwenye mihogo, siyo ya kisiwani. Yeye Mnyamwezi, alikuja pwani na mumewe aliyekuwa mtumishi wa serikali. Mume akafa, yeye akabaki. Kwa hiyo tulikuwa watani, na kwetu utani si maneno tu. Mtani akikutukana huna haki ya kununa. Mtani akiingia kwako akabeba kitu, huendi polisi. Unakwenda kukikomboa kwa atakachotaka yeye. Mniwekee hilo akilini, nitalirudia.

Mtaa ulimwita Mama Barafu. Mimi nilimwita Jirani, naye aliniita Jirani, na hatukuona kama kuna kilichopungua.

Barafu ndiyo iliyomlisha. Alikuwa na friji moja refu, jeupe enzi zake, mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Humo zilitoka barafu za ubuyu, za maembe, na mabonge ya barafu tupu ya kuweka kwenye madumu ya madereva wa malori yanayokwenda Kwala kwenye bandari kavu. Madereva walikuwa wanamjua kuliko walivyowajua wake zao. Msiba ukitokea hakuuza. Alijaza beseni, akalifunika kwa gunia, akalipeleka mwenyewe, iwe ni kwa Mkristo au kwa Mwislamu, akarudi bila kungoja asante.

Na friji lile lilikuwa linauma.

Si kila siku. Kiangazi, ukiwa umevaa ndala, lilikuwasha tu, kama siafu wamepita chini ya ngozi. Masika ikiingia, sakafu ikianza kutoa jasho, lilikuuma mpaka kwenye meno. Kwa hiyo mbele yake palikuwa na gunia limekunjwa, na juu ya gunia ndala mbili, mguu mmoja wa kijani, mwingine wa bluu. Zile ziliitwa ndala za friji. Pembeni ulining'inia mwiko wa kusongea ugali, wa kufungulia mlango. Anayeingia msikitini anajua kuvua. Sisi kwa Jirani tulijua kuvaa. Unavaa, unakanyaga gunia, unachomeka mpini wa mwiko kwenye mshikio, unavuta. Mtoto wa miaka mitano wa mtaa wetu alijua hayo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Hilo ndilo linalonichosha nikilikumbuka. Mtaa mzima wa watu wazima, walimu wamo, makarani wanaokwenda Dar kila asubuhi na tai shingoni wamo, wazee wa kanisa wamo, na mimi na ubishi wangu nimo. Wote tulijifunza kuvaa ndala. Hakuna aliyesema, jamani, friji halipaswi kuuma.

Siku friji liliponiuma mimi mara ya kwanza niliruka mpaka mlangoni, kanga huku, mimi kule. Jirani alicheka akakaa chini. "Mzaramo umecheza bila ngoma," akasema. "Ngoja nikutafutie na mpigaji." Nilimwambia babu zake walibeba mizigo mpaka pwani wakasahau njia ya kurudi. Tukanywa chai. Ndivyo tulivyokuwa.

Alikuwa na neno lake moja alilolipenda: "Bomba langu na friji langu ni ndugu. Mmoja akinuna, na mwenzake amenuna." Kweli koki ya bomba lake la uani nayo iliuma, siku zilezile ambazo friji linauma. Tulicheka. Tulidhani ni maneno ya bibi mjane anayeongea na vyombo vyake.

Ungemwona mvua ya radi ikipiga, ungesema ni mtu mwingine. Vioo vyote alivifunika kwa kanga, nguo nyekundu aliitupa chini ya kitanda, akapanda kitandani na kukunja miguu kama kuku anayeatamia. Humtoi hapo hata kwa dawa. Kijana mmoja wa kuchaji simu alipitisha waya mtupu juu ya ua wake kwenda kwenye kibanda, Jirani akamfukuza kwa fagio. "Ukianguka huu, ukampata mbuzi wa huyu Mzaramo, atakudai sanda na arobaini." Radi iliyo mbinguni aliiogopa. Waya wa mtu mwingine aliuona. Friji lake mwenyewe la ndani alilivalia ndala.

Lakini alijua, tusidanganyane. Alijua kuliko sote. Sababu ya kunyamaza nilikuwa naijua mimi peke yangu.

Binti yake mkubwa ni muuguzi, amejenga Kisarawe mjini, nyumba ya vigae mpaka chooni. Ni binti mwema, simsemi vibaya. Alitaka mama yake ahamie kwake, na alikuwa anatafuta sababu moja tu ya kumbeba. Jirani aliniambia tukichambua mchicha: "Wakijua lile friji linauma, watalitupa na mimi watanichukua. Nitakaa kwenye kochi la mtu, naangalia televisheni, naulizwa kama nimeshiba. Hapa nikiamka, watu wananihitaji kabla sijanawa uso. Ukinitoa hapa, Jirani, umenizika."

Kwa hiyo gari la binti likikata kona, Jirani alikwenda ukutani akazima meni swichi. "Umeme umekatika, mwanangu. Wamezidi hawa." Nami nikiliona lile gari nilizima redio yangu, maana ilikuwa inasikika mpaka kwao. Siku moja nilichelewa. Binti akauliza, "Mama, mbona kwa jirani redio inaimba?" Jirani bila kupepesa jicho: "Ile ya betri. Mzaramo hawezi kukaa bila kelele, atakufa." Muuza duka wa mbele naye, bila kuuliza sababu, alikuwa anazima taa. Binti alidhani mtaa wetu haujawahi kuwa na umeme.

Tuliona tunamsaidia.

Sasa mjukuu wangu Mwajuma. Huyu nimemlea mimi tangu hajaota jino, na leo anasoma sekondari, hesabu anaongoza, msione nasema kwa majivuno. Nasema kwa majivuno. Wakati ule alikuwa darasa la tano. Masika ilikuwa imetandika, ua wote matope. Nikamtuma barafu.

Alipona. Nasema kabisa ili msikae roho juu.

Ndala za friji hazikuwepo, kuna mtu alikuwa amezivaa kwenda nazo chooni. Gunia lilikuwa limelowa. Mwajuma alikuwa na haraka ya kitoto, miguu mitupu, imelowa mpaka magotini, na mwiko hakuutafuta. Akashika kwa kiganja. Mkono ukafumba.

Jirani alikuwa uani anafua. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia kelele, kwa sababu mtoto hakuweza kupiga kelele. Alisikia vifuko vya barafu vikianguka. Akaingia. Mtu mwingine angemkumbatia mtoto amvute, na leo tungekuwa na makaburi mawili. Yeye alichomoa mwiko kwenye kamba, akauchapa ule mkono wa Mwajuma kama anaua nyoka, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ukaachia. Mtoto akaanguka kama nguo mbichi.

Hospitali walimpima moyo, wakasema uko sawa. Vidole vilikuwa na malengelenge meupe, na mkononi kuna alama ya mwiko. Tuliporudi Jirani alikuwa amekaa barazani kwangu anatusubiri. Nilidhani atalia. Nilidhani ataniomba radhi. Akasema, "Jirani, nakuomba, usimwambie binti yangu."

Nilipita nikaingia ndani na mtoto wangu.

Sikupata usingizi mzuri. Nikimwambia binti, Jirani anakwenda kukaa kwenye kochi, na mimi nabaki na ua wenye nyumba tupu. Nikinyamaza, kuna mtoto mwingine wa mtu atatumwa barafu. Kulipopambazuka nikachukua kisu cha samaki, nikafunga kanga kiunoni, nikavaa viatu vya mvua vya marehemu mume wangu, nikaenda.

"Hodi, mtani."

"Karibu, mtani." Akaona kisu. "Unakuja kuchinja?"

Nikaenda ukutani, nikazima meni swichi. Nikachomoa plagi ya friji kwa kitambaa. Kisha nikakata waya wake shingoni, plagi ikabaki mkononi mwangu, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

"Nimeteka," nikasema.

Alisimama na bakuli la ubuyu mkononi. "Mzaramo, barafu zangu zinayeyuka."

"Ziyeyuke."

"Nina oda ya madereva."

"Wanywe maji ya moto."

Angekuwa mtu mwingine angeniita mharibifu, angeita mwenyekiti wa mtaa, na angekuwa na haki. Lakini mtani ametekewa na mtani. Alitazama pindo la kanga yangu, akatazama waya unaoning'inia. "Unataka nini ndiyo nikomboe?"

"Fundi. Na simtaki yule anayekuja na kisu cha kumenyea machungwa. Fundi mwenye vifaa vyake. Akimaliza, plagi yako hii hapa. Usipokomboa, nampigia binti yako."

Akakaa juu ya ndoo. Nikaona bega linatikisika, sikujua ni kicheko au kilio, na sidhani kama mwenyewe alijua. Mwisho akasema, "Wazaramo ni wezi."

"Na Wanyamwezi ni wabebaji. Haya, beba."

Fundi alikuja, kijana mpole kutoka upande wa stendi. Akaunga waya wa friji kwa plagi yake, akawasha meni swichi, akatoa testa, ile bisibisi yenye taa, akagusa friji, akagusa koki ya bomba, kote ikawaka. Akakuna kichwa. Akaanza kufuata ule waya wa kijani wenye mstari wa njano ambao mafundi wanauita ethi, unaotakiwa kupeleka umeme uliopotea njia ukafie ardhini. Akaufuata ukutani, akatoka nje, akachimba matope kwa mkono. Waya ulikuwa umezungushiwa kwenye bomba la maji.

Aliyejenga ile nyumba hakuona sababu ya kuchimbia nondo yake ya shaba wakati bomba la chuma limelala ardhini mpaka barabarani. Na kweli, wakati ule ilifanya kazi. Halafu mabomba ya chuma yakaoza, yakavuja, na mtaa mzima tukayang'oa tukaweka ya plastiki. Tulifurahi siku ile, nakumbuka. Tulisema, haya hayaoti kutu.

"Mama," fundi akamwambia Jirani, "umeme ukivuja humu kwenye friji unatafuta pa kushukia. Zamani ulishukia kwenye chuma. Plastiki haiupitishi. Kwa hiyo umekaa tu, kwenye friji na kwenye hiki kipande cha bomba kilichobaki, unangoja mtu mwenye miguu mibichi aje awe ndiyo njia."

Jirani akanigeukia. "Si nilisema ni ndugu?"

Fundi alipata waya uliochubuka nyuma ya friji, akaubadilisha. Akaweka ukutani kile kisanduku kidogo kinachokata umeme chenyewe ukipotea njia. Kisha akagongelea rodi ya shaba ardhini nje ya jiko, akazungushia mkaa wa kutoka Gwata na chumvi ya mawe, akamwaga ndoo ya maji. "Mchanga wa huku unakunywa maji na kusahau," akasema. "Kiangazi pakikauka hapa, hii rodi inakuwa pambo tu. Mwagieni maji."

Nikarudisha plagi. Kisha nikamwomba fundi apite na kwangu. Kwangu alitafuta ule waya wa kijani nyumba nzima, hakuuona kabisa. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. "Kumbe mwenzangu hata ndugu huna," akasema. Wiki ile kijana wa watu aligongelea rodi mtaa mzima.

Kuanzia hapo maji ya vyombo ya Jirani yalikuwa na kwao. Alizungushia ile rodi matofali, akaifunika kwa kipande cha bati wasije wakaiona wanaookota vyuma chakavu. Kila akimaliza kuosha anabeba beseni. "Nampelekea yule wa chini." Maji yakikatika mtaani, yaani wakati wa kupigania hata dumu, alikuja kuniomba maji yangu ya kuoshea mchele. Nikamwambia mchele wa Mzaramo utamharibia umeme. Akasema afadhali, utakuwa mvivu, hautamuuma mtu.

Ndala za friji alizitupa. Mwiko aliusongea ugali. Lakini mkono haukubadilika. Bado alibisha hodi kwenye geti, kwenye koki, kwenye lile friji lenyewe ambalo sasa lilikuwa kimya kama kabati. Nikamwambia, "Si fundi ameshatengeneza?"

"Fundi ametengeneza waya," akasema. "Mimi hajanitengeneza."

Umeme haukumchukua. Nilipigana na umeme nikaushinda, nikasahau kuangalia upande wa pili. Alianza kutia chumvi kwenye ubuyu. Madereva walikunywa, wakatazamana, wakalipa kwa heshima. Akaanza kumwita dereva mmoja kwa jina la marehemu mumewe na kumuuliza mbona hakuja kula. Beseni la maji alilipeleka, akarudi, akalijaza, akalipeleka tena, mpaka pale kwenye rodi pakaota magugu ya kijani wakati Kibaha nzima imekauka. Sufuria mbili zikaungua.

Binti alikuja. Jirani hakuzima meni swichi. Alimshika mkono binti yake kwa furaha akampeleka jikoni. "Njoo uone friji langu. Siku hizi haliumi. Shika tu, hata kwa kiganja." Kitu alichokificha miaka yote akakitoa mwenyewe, kama anamwonyesha mgeni kitambaa kipya cha meza. Binti akanitazama mimi. Nami nikageuka kutazama redio yangu, ambayo ilikuwa inaimba.

Akambeba. Angefanya nini? Mimi pia ningembeba.

Nyumba sasa wamepanga vijana. Mmoja aliniuliza, "Bibi shikamoo. Samahani, mbona unatumwagia maji machafu ukutani?" Nikamweleza habari yote, mpaka ya bomba. Akasema, "Sawa bibi, nitakuwa namwaga mimi." Akasahau siku hiyohiyo. Kwa hiyo namwaga mimi. Magoti yangu hayapendi ile safari, ndogo hivyo, lakini mchanga haujui magoti ya mtu.

Juzi nilikwenda Kisarawe kumwona. Binti alinipokea vizuri, "Shikamoo mama," akanipokea kikapu. Na Jirani alikuwa pale pale aliponiambia atakuwa. Kochi. Televisheni. Nywele zimesukwa vizuri, nguo safi, kucha zimekatwa. Binti akamwinamia, "Mama, umeshiba?"

Nilikaa karibu yake. "Mnyamwezi," nikamwambia, "umemaliza kubeba?"

Akanitazama kwa adabu. "Karibu mama. Umetoka mbali?"

Nimetukanwa na yule mwanamke karibu maisha yangu yote ya hapa, na hakuna tusi lililowahi kuniingia kama ile adabu. Nikamwambia nimetoka Kibaha. Akasema Kibaha pazuri. Nikamwambia yule wa chini nampelekea maji kila siku. Akasema asante, kama mtu anavyosema asante kwa habari za mtoto asiyemjua. Nikamwambia Mwajuma amefaulu. Akatabasamu kwa televisheni.

Nilikaa mpaka chai ikaisha. Binti akasema gari la mwisho la kuelekea kwetu halisubiri mtu. Nikasimama, nikampa Jirani mkono.

Aliutazama. Akainua wake taratibu, akakunja vidole, akaleta upande wa kucha akaugusa mkono wangu. Akangoja. Mimi nikatulia kabisa, hata kupumua nilipunguza, nisije nikamshtua. Kisha akageuza kiganja akanishika.

Mkono ukafumba.

"Mama, mwachie mgeni," binti akasema, "gari litamwacha."

Haukuachia. Na mimi sikuuvuta.